Somo kwa Matawi: Tujue Kupima Hatari ya Bonde la Mto



Somo hili linahusu maji, lakini linahusu kazi vilevile. Tumeliandika kwa sababu ya jambo lililotupata. Katika mkutano mmoja, miaka michache iliyopita, mtaalamu wa ofisi moja alitandika ramani juu ya meza. Bonde la mto lilikuwa limepakwa rangi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Nyekundu, akasema, ndiyo hatari kubwa. Tukatazama. Nyekundu karibu yote ilikuwa pale wenzetu wanapofyatua matofali, pale vijana wanapochimba mchanga, na pale akina mama wanapolima mboga. Tuliuliza rangi hizo zimepatikana kwa hesabu gani. Tulijibiwa, lakini hapana hata mmoja wetu aliyeelewa jibu, na tuliona haya kuuliza mara ya pili. Baadaye barua ilipokuja ya kuwataka watu wale wahame, hatukuwa na la kusema, maana ramani ilitushinda.

Ndiyo maana tumekaa, tukasoma, tukawauliza wenye kujua, na sasa tunawaletea tulichokipata. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, lakini hesabu yenyewe si ngumu. Ni ya kujumlisha na kuzidisha. Someni katika vikundi, pole pole, na mwenye kusoma vizuri awasomee wenzake.

Bonde ni nini?

Tazameni paa la mabati. Mvua ikinyesha juu ya mgongo wa paa, tone moja huteremka upande huu na jingine upande ule, wala hayakutani tena. Ardhi nayo iko hivyo. Eneo lote ambalo maji yake hukusanyika katika mto mmoja ndilo bonde la mto huo. Kwa hiyo bonde si pale chini tu penye matope na mafunjo. Kilima cha Arua, soko, uwanja wa ndege, kituo cha mabasi, na shamba la muhogo lililo mbali kabisa na mto, vyote vimo ndani ya bonde la mto fulani. Mtu anayesema "mimi sikai mtoni" amekosea, labda kama paa lake halipati mvua.

Sisi wa West Nile tunakaa karibu na mgongo wa paa moja kubwa sana la Afrika. Mpaka wa Uganda na Kongo upande wetu, kwa sehemu kubwa, umefuata mgongo huo. Mvua inayonyesha upande wa Aru huenda katika mto Uele, kisha Ubangi, kisha Kongo, hadi bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha upande wetu huenda Nile.

Jambo hili lina maana mbili kwetu. Kwanza, mito yetu ni midogo kwa sababu iko mwanzoni. Mto Enyau, ambao Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka huchota maji yake kwa ajili ya mji wa Arua, si mto mkubwa, na wakati wa kiangazi, Desemba hadi Machi, maji yake hupungua sana. Mto mdogo hauwezi kumeza uchafu mwingi. Pili, kwa kuwa chemchemi ziko upande wetu wa mpaka, hatuna jirani aliye juu yetu wa kumlaumu. Tope lililomo katika Enyau, au katika Kochi kule Koboko, limetoka kwetu.

Hatari hupimwaje?

Mwaka 1998 shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira lilitoa mwongozo wa kupima hatari ya namna hii, nao umeigwa katika nchi nyingi. Una hatua tatu. Kwanza watu hukubaliana wanalinda kitu gani. Kisha huchunguza ni kitu gani kinachodhuru, na kinafika kwa njia gani mpaka kwenye kile kinacholindwa. Mwisho hutamka hatari ni kubwa kiasi gani, na jambo gani hawana hakika nalo. Angalieni hatua ya kwanza. Yule anayekaa mezani siku ya kuamua "tunalinda nini" amekwisha amua nusu ya jibu. Wakisema tunalinda ndege na mafunjo, ramani itatoka namna moja. Wakisema tunalinda maji ya kunywa na riziki ya watu wa bondeni, itatoka namna nyingine. Chama kinatakiwa kiwepo siku hiyo, si siku ya kusomewa barua.

Siku hizi, kwenye mabonde yaliyo karibu na miji inayokua, njia inayotumika sana ni ile ambayo wataalamu wa China wameipenda. Hugawa bonde lote katika miraba midogo kama karatasi ya hesabu. Kila mraba hupewa namba mbili. Namba ya kwanza huonyesha ardhi imevurugwa kiasi gani. Namba ya pili huonyesha ardhi hiyo ni dhaifu kiasi gani, yaani ikiguswa itaharibika upesi au itavumilia. Namba hizo huzidishwa, na jibu ndilo linalopakwa rangi.

Namba ya kuvurugwa hutokana hasa na kukatwa vipande. Chukueni msitu wa ekari 20 ulio pamoja. Sasa chukueni ekari 20 nyingine, lakini ziko katika vishamba 20 vya ekari mojamoja, na katikati yake kuna barabara, nyumba na mashimo ya udongo. Eneo ni lile lile, lakini msitu wa pili una kingo nyingi zaidi, na uharibifu huingilia kingoni: moto, mbuzi, shoka, maji yanayokimbia. Ndege na wanyama hawavuki. Kwa hiyo hesabu huupa msitu uliokatwakatwa namba kubwa zaidi. Hili ni jambo la haki, na mkulima yeyote analijua.

Kuhusu udhaifu, kuna jedwali linalotumika sana. Ardhi tupu isiyo na majani huhesabiwa dhaifu kuliko zote, hupewa 6. Maji hupewa 5, mashamba 4, nyasi 3, msitu 2, na majengo ya mji 1. Someni tena namba ya mwisho. Mji hupewa 1! Maana yake ni kwamba mji umekwisha kuwa saruji na mabati, hakuna tena cha kuharibika. Kwa udongo na miti, sawa. Lakini chini ya mabati hayo wamo watu. Nyumba ya udongo iliyo kando ya kijito cha Oli na jengo la ghorofa lililo juu ya kilima vyote hupewa 1, ingawa mvua kubwa ikija usiku mmoja ataamka ndani ya maji na mwingine ataendelea kulala. Jedwali halidanganyi, halikuulizwa habari za watu, basi. Sisi tunatakiwa kuliuliza.

Tufanye hesabu ndogo

Huu ni mfano wa kubuni, wa kujifunzia tu. Badala ya namba zao nyingi, tutumie 1, 2 na 3 peke yake: 1 ni kidogo, 3 ni kubwa.

Mraba A ni mteremko wenye mashimo ya udongo na tanuri za matofali, majani hakuna. Umevurugwa 3, dhaifu 3. Tatu mara tatu ni 9. Mraba B ni kinamasi cha mafunjo ambacho bado ni kizima, kina njia moja ya miguu. Umevurugwa 1, dhaifu 3. Jibu ni 3. Mraba C ni maduka ya mjini. Umevurugwa 3, dhaifu 1. Jibu ni 3 vilevile.

Hapa ndipo mtu anapopotezwa. B na C zitapakwa rangi moja, lakini si kitu kimoja. Kinamasi B ni kama mlinzi ambaye bado yuko kazini: huyapunguza maji mbio, hushika tope, huchuja uchafu. Akiguswa kidogo tu, 1 yake ikawa 3, jibu litaruka kutoka 3 hadi 9. Maduka C hayana cha kupoteza, lakini ndiyo yanayotuma maji chini. Pigeni hesabu ya paa moja la mita 10 kwa mita 6. Mita mraba moja ikipata milimita moja ya mvua hupata lita moja ya maji. Mvua ya milimita 40 ikinyesha, paa hilo litamwaga lita 2,400, yaani jerikeni 120 za lita 20, na zote huteremka kwa saa moja au mbili mahali ambapo zamani majani na udongo wangezinywa. Hesabuni mapaa ya Arua Hill mpaka mchoke. Maji hayo ndiyo yanayochimba mtaro, yanaukata ukingo wa mto, na kuchukua udongo wa Mraba A. Mfyatua matofali ndiye aliyepakwa rangi nyekundu. Mwenye mapaa hakupakwa.

Kwa hiyo tunapendekeza matawi yaongeze namba ya tatu: watu. Andikeni kwa kila mraba ni watu wangapi wanaoishi, wanaochota maji au wanaofanya kazi hapo na chini yake, na maji ya mraba huo hutoka wapi. Namba hiyo msiizidishe na zile nyingine. Iwekeni pembeni yake, isomwe peke yake, maana ikizidishwa itapotea ndani ya jibu.

Habari ya picha za kutoka angani

Wataalamu hupata miraba yao kutoka katika picha za setilaiti. Setilaiti ya kwanza ya kazi hiyo, Landsat, ilirushwa mwaka 1972, na picha zake zilianza kutolewa bure kwa watu wote mwaka 2008. Kwa hiyo hata kijana wa tawi mwenye kompyuta anaweza kuzipata. Ni chombo kizuri sana. Lakini tujue mipaka yake mitatu.

Wa kwanza ni ukubwa wa nukta. Picha za miaka ya sabini zilikuwa na nukta za karibu mita 80. Tangu 1982 zikawa za mita 30. Zile za setilaiti za Ulaya zilizoanza 2015 ni za mita 10. Tanuri moja la matofali, choo kilichojengwa ukingoni, bomba linalomwaga oili chafu ya gereji, havionekani katika nukta ya mita 30. Mwenye kuviona ni mtu anayetembea.

Wa pili ni majira. Picha iliyopigwa Februari, nyasi zikiwa zimechomwa, huonyesha West Nile yote kama jangwa. Iliyopigwa Septemba huonyesha bustani. Ulizeni tarehe ya picha.

Wa tatu ndio mkubwa: ni mwaka wa kuanzia. Wazee wetu wanakumbuka. Baada ya serikali ya Amin kuanguka mwaka 1979, na vita vilivyofuata mwaka 1980, watu wengi sana wa West Nile walikimbilia Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, na Sudani. Walikaa huko miaka. Mashamba mengi yaliachwa, na shamba likiachwa hurudi kuwa pori. Basi mtu akichukua picha ya miaka ile kuwa ndiyo "hali ya kawaida", kisha akailinganisha na ya leo, atasema wananchi wamemaliza pori. Atakuwa amepima kurudi kwetu nyumbani akakuita uharibifu. Dawa yake ni kudai miaka mitatu au minne tofauti, si miwili.

Tuseme pia habari ya wakimbizi, kwa kuwa inasemwa vibaya sokoni. Kambi ya Bidi Bidi katika Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, ya Imvepi 2017, na ya Lobule katika Koboko ilikwisha kuwapo tangu 2013. Miti imekatwa kwa kuni na nguzo, hilo ni kweli. Lakini miti ilikuwa inakatwa kabla yao, kwa kukausha tumbaku, kwa matofali na kwa mkaa wa mjini. Na sisi tuliopikiwa kwa kuni za watu wengine mwaka 1980 tunapaswa kuwa na adabu katika jambo hili.

Tope linapofika kwenye mitambo

Wanachama wetu wanaofanya kazi za maji wametufafanulia sehemu hii. Maji ya mto yakiingia kwenye mtambo hutiwa shabu, ambayo huzifanya chembe za tope zishikane na kuzama. Kisha maji hupita katika mchujo wa mchanga, halafu hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Tope likizidi, shabu huzidi. Mchujo huziba upesi, na kuuosha hutumia maji yale yale yaliyokwisha kusafishwa. Klorini nayo haifanyi kazi vizuri ndani ya maji yenye tope, maana vijidudu hujificha. Basi mvua moja kubwa juu ya mteremko ulio wazi huwa ni magunia zaidi ya kubeba, zamu ndefu zaidi ya usiku, na gharama ambayo mwishowe huja katika ankara ya kila nyumba. Huyo mfyatua matofali naye ananunua maji hayo. Hapa hakuna wafanyakazi wa upande huu na wa upande ule. Ni mtu yule yule akikutana na tope lake bombani.

Kampala wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mfereji wa Nakivubo huchukua maji machafu ya jiji kuyapeleka ziwani Victoria, katika ghuba ile ile ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa. Katikati palikuwa na kinamasi kipana cha mafunjo kikichuja bure. Kadiri kinamasi kilivyolimwa na kujengwa, ndivyo kazi yake ilivyohamia kwenye mitambo, ambayo haifanyi bure. Arua ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na mipaka yake ikachukua vijiji vya Ayivu. Vinamasi vyetu vingi bado vipo. Hiyo ndiyo nafasi yetu.

Kuhamishwa peke yake hakutoshi

Tazameni Dar es Salaam. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji na kuingia baharini. Desemba 2011 ulifurika ukaua watu zaidi ya 40. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 serikali ilibomoa nyumba za watu wa bondeni. Zilichorwa alama ya X nyekundu, kisha tingatinga likaja. Aprili 2018 mto ulifurika tena. Nyumba za bondeni zilikuwa zimeondolewa, lakini mapaa, barabara na vilima vilivyokatwa miti juu yake havikuguswa. Ndipo baadaye ukaja mradi wa kulishughulikia bonde zima, ulioidhinishwa 2022, na ndani yake ikawekwa fidia kwa wanaohama.

Hatusemi watu wabaki mtoni. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa zinataka mita 30 ziachwe kila upande wa mto, kuanzia alama ya juu kabisa ya maji, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa katika orodha. Kuna shughuli zinazoweza kuruhusiwa kwa kibali. Kanuni hiyo ni nzuri, nasi tunaitaka. Lakini mita 30 ni mita 30 kwa kila mtu: kwa mwenye tanuri, kwa mwenye kituo cha mafuta, na kwa mwenye hoteli. Nendeni na kamba yenye fundo kila mita 10, mpime wote bila kuchagua, muandike.

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo

Kila tawi lichague kijito kimoja. Siku inayofuata mvua kubwa, watu wanne au watano watembee kando yake kutoka juu kwenda chini. Wachukue chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, za ukubwa mmoja, na rula ya shule. Katika kila daraja na kila mahali mtaro unapoingia, jazeni chupa moja juu ya mahali hapo na nyingine chini yake. Ziandikeni. Ziacheni zitulie usiku kucha, kisha pimeni unene wa tope lililokaa chini. Pale ambapo tope la chupa ya chini ni nene zaidi kuliko la chupa ya juu, ndipo udongo unapoingilia. Chupa haijui cheo cha mtu. Maji hayo msiyanywe, na watoto wasiachiwe.

Wenzetu wa Koboko wafanye hivyo hivyo kwa vijito vinavyoingia Kochi.

Kisha chukueni karatasi ya hesabu, mchore miraba, na muweke namba tatu tulizozieleza. Msione haya ikiwa imekosewa. Ramani ya mtaalamu nayo ina makosa. Tofauti ni kwamba yake imepigwa muhuri. Na kama imetengenezwa na ofisi ya serikali, Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2005 inampa mwananchi haki ya kuomba kwa maandishi ripoti iliyoizaa, na ofisi inatakiwa kumjibu katika siku 21. Wekeni nakala ya ombi lenu na tarehe mliyolipeleka.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Mahali mnapochota maji pako juu au chini ya mtaro mkubwa wa mji unapoingia?

Ni kinamasi gani katika eneo lenu ambacho leo ni "Mraba B", na nani ameanza kukijaza udongo?

Wafyatua matofali wakihama mita 30, udongo watautoa wapi, na kuni wapi? Mmewauliza wenyewe?

Barua ya kuhama ikija kesho, ni namba zipi tatu mtakazodai kuonyeshwa kwanza?

Majibu na karatasi za miraba ziletwe kwa katibu wa tawi pamoja na daftari la mahudhurio.